Fundo la Kanga

Bibi yangu hakuwahi kumiliki pochi. Pesa zake zilikaa kwenye pembe za kanga, na kila pembe ilikuwa na kazi yake. Doti moja ni kanga mbili, kanga mbili zina pembe nane, na pembe hizo nane alizijua kama karani anavyojua mafaili yake. Kwenye kanga ya kujifunga, pembe ya kulia ilibeba kodi ya chumba na ya kushoto ilibeba pesa ya maji. Kwenye kanga ya kujitanda, pembe moja ilikuwa ya unga wa mchele na mafuta ya vitumbua vya kesho, nyingine ya mchezo wa akina mama wenzake. Akibadili kanga, alihamisha mafundo kwanza, ndipo akaloweka ile iliyochafuka.

Alikuwa akiuza vitumbua nje ya Soko la Kariakoo, pembeni mwa lile jengo la msanifu Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975. Jioni, kabla hajavuka Mtaa wa Msimbazi kurudi kwetu Mchikichini, alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akamimina sarafu na noti mapajani, akaanza kugawa na kufunga. Mimi nilikuwa nasimama karibu nimeshika kikaango kilichopoa. Siku moja nilimuuliza kwa nini asisubiri tufike nyumbani, palipo na taa na utulivu.

"Pesa isiyo na jina haina mwenyewe, mjukuu wangu," alisema. "Ukiifikisha nyumbani haina jina, kila atakayekutana nayo ataipa jina lake."

Alipofariki, akina mama waliokuwa wakikunja nguo zake walikuta fundo moja halijafunguliwa. Lilikuwa kwenye pembe ya kushoto, pesa ya maji. Mama yangu aliipeleka kwa kijana aliyekuwa akituletea maji kwa mkokoteni, naye akakiri kwamba ni kweli, marehemu alikuwa anadaiwa madumu manne. Pesa ilitosha, wala haikuzidi. Nilikuwa binti wa shule ya msingi wakati huo, na sikujua kwamba mambo mengi ambayo ningekuja kuyatafuta ukubwani nilikuwa nimeshayaona yakifanyika juu ya ndoo.

Nayasema haya kwa sababu kwa miaka kadhaa nilihangaika kutafuta njia ya kuaminika ya kulipa gharama za nyumba bila kusubiri nikumbuke, na nimelipa karo ya somo hilo kwa jasho langu na la watu wengine.

Mimi ni mfanyabiashara wa mitumba. Nauza nguo za watoto katika Soko la Mchikichini, lile ambalo watu wengi wanaliita Karume. Nyumba tunayopanga ni ya Kiswahili kama zilivyo nyumba nyingi za mtaani kwetu: ukumbi katikati, vyumba sita, uani kuna bomba moja, na ukutani karibu na mlango wa mbele kuna mita moja ya LUKU. Vyumba sita, familia sita, mita moja.

Aliyewahi kuishi kwenye nyumba ya namna hiyo anajua kuwa mita moja ni shule ya tabia. LUKU ni Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, lakini nyumba ya wapangaji sita inatumia kwa viwango sita na inalipa kwa makubaliano. Mwenye friji anatazamwa, mwenye pasi anatazamwa, na anayerudi saa sita usiku na kuwasha runinga anatazamwa zaidi. Bei yenyewe inatubana. Mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi anatozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Familia moja moja huenda tungebaki humo, lakini sita kwa pamoja hatuwezi, kwa hiyo tunanunua kwa bei ya kundi linalofuata, shilingi 292. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya mdhibiti, noti ya shilingi 10,000 inaleta uniti 28 tu.

Utaratibu wetu ulikuwa wa zamu. Kila wiki mmoja anakusanya michango, ananunua umeme, anaingiza tarakimu ishirini kwenye mita, kisha anawaonyesha wenzake ujumbe wa simu. Kazi yenyewe haichukui hata dakika kumi. Kinachobebwa humo ni amana ya familia sita.

Ramadhani ya mwaka 2021, zamu ilikuwa yangu. Nilikusanya Alhamisi jioni, nikaweka pesa kwenye mkoba nikisema nitanunua usiku baada ya futari. Saa tatu ikaja simu kutoka Tanga: mjomba amefariki. Alfajiri nilikuwa stendi ya Mbezi nikiwa na mkoba uleule. Msiba ni msiba. Nilipika, nililia, nilipokea wageni, na simu yangu ilizima chaji siku ya kwanza nikaiacha hivyo mpaka kesho yake jioni.

Huku nyuma, umeme ulikatika usiku wa Ijumaa. Wenzangu walidhani ni mgao, wakasubiri. Walipogundua kuwa ni uniti zimekwisha walinipigia, hawakunipata. Wangeweza kuchangishana tena, lakini mwezi ulikuwa mgumu, na namba ya mita hakuna aliyekuwa ameihifadhi. Mita yenyewe ni ya zamani, maandishi yake yamefutika. Kulipokucha, juisi ya ukwaju na ubuyu ambayo jirani yangu wa chumba cha uani alikuwa ameiandaa kwa futari ya mtaa mzima ilikuwa imechacha. Ilikuwa chupa nyingi. Ulikuwa mtaji wake wote.

Niliporudi niliijua habari kabla sijavuka kizingiti. Nilikwenda moja kwa moja chumbani kwake. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, na nilistahili kuyasikia. Yeye alisimama, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Pole na msiba, dada." Hakuongeza neno. Nilimlipa hasara yake kwa mafungu, lakini sauti ile ya upole nimekaa nayo mpaka leo. Zamu yangu ilipokaribia tena, wenzangu walikubaliana kimyakimya kuiruka, nami sikuuliza.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta njia inayojilipa yenyewe. Nilijisemea kuwa tatizo ni kichwa changu, na kichwa kinachosahau dawa yake ni mashine isiyosahau. Nilikwenda benki, nikaweka agizo la kudumu. Kila tarehe mosi benki ichukue kutoka akaunti yangu kodi ya chumba impelekee mwenye nyumba, ichukue sehemu ya ada ya binti yangu iipeleke akaunti ya shule, na kiasi kingine kiingie kwenye laini yangu ya simu kwa ajili ya umeme na maji. Nilitia sahihi, nikatoka nikiwa nimetua mzigo. Miezi saba nilikaa kwa amani. Nilianza hata kuwasema wenzangu sokoni waliokuwa wakikimbizana na wenye nyumba zao.

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 16 Januari 2022, soko letu liliungua.

Walioishi Dar es Salaam wakati huo wanakumbuka. Soko la Kariakoo lilikuwa limeungua miezi sita kabla, tarehe 10 Julai 2021, na tulikuwa bado tunawapa pole wenzetu wa kule. Sasa ikawa zamu yetu. Nilifika kulipokuwa kunapambazuka. Mahali pa kibanda changu palikuwa na mabati yaliyojikunja na majivu yaliyolowa maji ya zimamoto. Nilikuwa nimefungua belo la nguo siku mbili tu kabla. Maelfu ya wafanyabiashara walisimama pale, na kwa umati mkubwa kiasi kile kulikuwa na ukimya ambao sijausikia tena.

Akaunti yangu ilikuwa na akiba kidogo. Nilipanga kuitumia yote kununua sehemu ya belo na mwenzangu mmoja, tuanze upya hata chini ya mwavuli. Lakini mtu aliyeunguliwa haishi kwa kalenda. Nilishinda kwenye foleni za kuandikishwa, nilishinda kwenye vikao, nilishinda nikichambua majivu. Tarehe mosi Februari ilifika, na agizo langu likafanya kazi sawasawa na nilivyoliagiza. Kodi ikaenda, ada ikaenda, umeme ukaenda. Nilipofika benki tarehe mbili kutoa mtaji, kilichobaki hakikutosha hata kwa robo ya belo.

Sikuwa na wa kumlaumu. Benki haikukosea. Mimi ndiye niliyesema "kila tarehe mosi", sikusema "isipokuwa kama nimeunguliwa". Mashine haisahau, na kwa sababu hiyohiyo haiulizi.

Jioni ile nilikwenda kwa mwenye nyumba, mzee wa makamo, mtu wa maneno machache. Nilitaka tu kumweleza kwamba kodi ya Machi itachelewa. Alinisikiliza, akavua kofia, akaipakata. "Mwanangu," alisema, "habari za soko nilizisikia redioni siku ileile. Pesa yako ilipoingia jana nilishangaa. Nikasema huyu ana nguvu kumbe, hakuguswa. Ungeniambia, ningesubiri hata miezi mitatu."

Maneno hayo yaliniuma kuliko moto wenyewe. Mzee alikuwa na subira ya kunipa, nami nilikuwa nimeipita kando. Katika kutafuta njia ya kulipa isiyonihitaji, nilitengeneza njia isiyompa nafasi anayenidai kuwa binadamu. Deni la nyumba kwetu halijawahi kuwa tarakimu tupu. Mwenye nyumba anakujua, muuza maji anakujua, mwenye duka la mkopo anakujua. Kujuana huko kuna adha yake, lakini siku ya moto ndiko kunakokubeba. Nilikuwa nimekufungia nje kwa sahihi yangu mwenyewe.

Aliyeninyanyua ni kijumbe wetu wa mchezo. Kwa wasiojua, mchezo ni ule upatu ambao watu huchangia kiasi kilekile kila wiki au kila siku, na kila mara mmoja anapokea fungu lote. Kijumbe ndiye anayepita kukusanya na kukabidhi. Wapo vijumbe waliokimbia na pesa za watu, na sisemi kila mtu amwamini yeyote. Wetu alikuwa mama ambaye tulikuwa naye miaka kumi na moja, na daftari lake lilikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kulisoma. Zamu yangu ilikuwa ya mwisho. Aliwapitia wanachama mmoja mmoja, akawaomba nisogezwe mbele. Walikubali. Kwa fungu lile nilinunua nusu belo, nikaanza tena.

Usiku nilipopokea pesa ile, nilikaa ukumbini nikafikiria vizuri. Mchezo nao ni malipo yasiyosubiri nikumbuke. Kijumbe anakuja saa kumi na moja kamili, ukiwa umeuza au hujauza, na hakuna siku niliyomwona amesahau. Tofauti yake na agizo la benki ilikuwa ndogo sana nayo ilikuwa kila kitu: kijumbe ana masikio. Na hapo, baada ya miaka mingi, nikakumbuka kanga ya bibi.

Fundo ni kitu cha ajabu ukilitafakari. Linakaza kiasi kwamba pesa haiwezi kudondoka njiani, na mkono wa mtu mwingine haulifungui bila wewe kuhisi. Mchuuzi wa shanga akikuita, fundo linakuchelewesha, na katika kuchelewa huko unakumbuka pesa ni ya nini. Lakini siku mtoto anapougua usiku, mwenye kanga analifungua kwa meno. Pesa niliyobeba kwenye mkoba kwenda Tanga haikuwa imefungwa hata kidogo. Pesa niliyoiagiza benki ilikuwa imefungwa kwa fundo nisiloweza kulifungua kwa wakati. Nilichokuwa nakitafuta ni fundo la bibi, katika zama za simu.

Basi nilitengeneza fundo langu. Ninalieleza si kwa sababu kila mtu alifuate, bali ili msomaji aone mantiki yake na ajifungie lake.

Jambo la kwanza nililobadilisha ni mwendo. Mshahara huja kwa mwezi, kwa hiyo makato ya mwezi yanamfaa mwenye mshahara. Sisi wa sokoni pesa yetu huja kwa siku, na siku hazifanani. Kulazimisha kipato cha siku kilipe kwa mwezi ni kujitafutia lawama. Nilisajili laini ya pili ya simu, nikaiita laini ya nyumba. Kila jioni nikifunga biashara, kabla sijapita kwa muuza samaki wala muuza maembe, napita kwa wakala pale pale Karume na kuweka humo sehemu ya faida ya siku hiyo: katika kila elfu kumi, elfu tatu. Siku ya faida kubwa inaingia pesa kubwa, siku mbaya inaingia ndogo, na siku isiyo na faida siweki kitu na sina deni na dhamiri yangu. Bibi alifanya hivyohivyo juu ya ndoo.

Niligundua pia kuwa gharama za huduma hizi, ukizielewa, zinaweza kukusaidia kufunga. Kuweka pesa kwa wakala hakukatwi. Kutoa na kutuma ndiko kunakokatwa. Mwaka ule tulikuwa bado na kidonda cha tozo ya miamala, iliyoanza Julai 2021 na kutufanya tuhesabu kila tunapobonyeza. Nikasema, vema, makato ya kutoa yawe ndiyo fundo. Pesa ikishaingia laini ya nyumba, kuitoa kwa mambo ya njiani kuna gharama, na gharama hiyo inaniuliza swali lilelile la kanga: hii ni ya nini?

Jambo la pili ni siku maalumu. Jumatatu ni ya mchango wa umeme, uwe umebaki au umekwisha. Ankara ya maji ikiingia kwa ujumbe, inalipwa jioni hiyohiyo kwa namba yake ya malipo, haingoji tarehe ya mwisho. Kodi inakusanyika humo humo, na wiki moja kabla ya kumlipa mzee nampitia kumsalimu. Kama mambo ni mazuri tunazungumza habari za afya. Kama si mazuri, anajua mapema, kutoka kinywani mwangu.

Jambo la tatu ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nimeona ukweli wake kwenye mita yetu. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Hayo ndiyo makato ya moja kwa moja ambayo nyumba nyingi zenye umeme zinayajua, hata kama mwenyewe hajawahi kukanyaga benki. Unanunua umeme wa 10,000 mwanzoni mwa mwezi, uniti zinakuja pungufu, na aliye na zamu anatazamwa kama mwizi. Kodi yenyewe ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Nyumba nyingi zimegombana kwa jambo hili. Sisi tulifungua daftari, tukanakili humo kila ujumbe wa manunuzi: kiasi, uniti, kodi iliyokatwa. Mwisho wa mwaka tulimpelekea mzee jumla, akaipunguza kwenye kodi ya nyumba bila mabishano. Makato yasiyoandikwa huzaa dhana. Yakiandikwa huwa hesabu.

Jambo la nne ni watu. Namba ya mita, tarakimu kumi na moja, sasa imeandikwa kwa rangi ya mafuta ukutani, juu ya mita yenyewe, kubwa kiasi cha kusomwa kwa mwanga wa kibatari. Namba ya siri ya laini ya nyumba anaijua mume wangu pia. Binti yangu anajua kununua, kuingiza na kuandika. Nikisafiri leo kwenda kwenye msiba wa saa kumi usiku, nyumba haitakaa gizani kwa sababu ya mkoba wangu.

Nimesoma kwamba utaratibu wa benki kukata ankara kutoka akaunti ya mteja, ambao leo ndio mazoea ya Uingereza nzima, ulibuniwa miaka ya 1960 na Alastair Hanton, akiwa kampuni ya Unilever, ili kurahisisha kukusanya malipo ya wauza aiskrimu. Habari hiyo ilinigusa, nikimkumbuka jirani yangu na juisi yake. Lakini kilichonifundisha zaidi ni dhamana waliyoiweka baadaye juu ya utaratibu huo: mlipaji ana haki ya kuusitisha wakati wowote, na kikikatwa kitu kimakosa benki inamrudishia. Hata huko kwenye mashine nyingi, kilichowafanya watu wauamini utaratibu huo si wepesi wake. Ni kwamba mwenye pesa hakuondolewa mkono wake juu ya fundo.

Ndiyo maana nawaomba wenzangu wa sokoni wawe macho na fundo la aina nyingine, lile linalofungwa na mwingine kwenye kanga yako. Simu zetu zina huduma zinazokujazia upungufu wa malipo, kisha zinajikata zenyewe pesa yoyote ikiingia. Siku moja ya dharura zinaokoa. Lakini nimemwona mwenzangu wa kibanda cha pili akiweka pesa ya mauzo asubuhi, ikamezwa yote kabla hajafunga simu, akakopa tena kulipia umeme, ikamezwa tena jioni. Nayo ni malipo yasiyosahau. Kabla hujakubali makato yoyote, jiulize nani alifunga, na nani anaweza kufungua.

Mwaka 2024 ulituletea mtihani mwingine. Namba za umeme tunazoingiza kwenye mita za LUKU, kama zilivyo za mita nyingi za malipo ya kabla duniani, zilikuwa zikihesabu dakika tangu mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita isiyoboreshwa kabla ya siku hiyo isingepokea umeme mpya. Ulitakiwa kununua kama kawaida, upate mafungu matatu ya tarakimu ishirini, uyaingize kwa mpangilio: mawili ya kuboresha mita, la tatu la umeme wenyewe. Matangazo yalitolewa miezi kadhaa mapema. Nilitafakari sana jambo hili. Chombo tulichokiona hakichoki, kimefungwa mle ukutani kikijihesabia usiku na mchana, kumbe nacho kilikuwa na ukomo, na siku ya ukomo wake kilihitaji mtu aliyesikiliza redio. Hakuna njia ya kulipa utakayoichagua mara moja kisha ikukae maisha yote. Unaichagua, halafu kila baada ya muda unaigusa kuona kama bado imekaza, kama bibi alivyokuwa akipapasa pembe zake akitembea.

Sisi tuliboresha Jumatatu moja ya Septemba. Binti yangu alisimama juu ya kigoda akibonyeza, mimi nikimsomea tarakimu nne nne, na nyumba nzima ikawa imetoka vyumbani, imejaa ukumbini, imenyamaza. Fungu la kwanza likakubali. La pili likakubali. La tatu uniti zikaingia. Watoto walipiga makofi. Jirani yangu wa chumba cha uani alikuwa amesimama mlangoni kwake, juisi zake zikiwa salama ndani ya friji.

Watu walipotawanyika, alinifuata. Tangu ile Ramadhani nilikuwa nikichanga kwa wengine wanunue; zamu yangu haikuwa imerudi, wala sikuwa nimeiomba. Alisimama mbele yangu, akaishika pembe ya kanga yake aliyojitanda, akalifungua fundo kwa meno, akanikabidhi noti zilizokunjwa ndogo kabisa, zingali na joto.

"Shika, dada," alisema. "Hii ya umeme wa wiki ijayo."

Nilivuka ukumbi, nikaandika kwenye daftari kabla sijakaa.